Ndiyo ya Kithai na Ndiyo ya Kiingereza

Mjukuu wa dada yangu, Salma, alinijia wiki iliyopita kuniaga. Anakwenda Thailand kufundisha Kiingereza. Amesoma kozi fupi kwenye kompyuta, yumo kitandani kwake Peckham na nguo za kulalia, na mwisho wa kozi kompyuta ikampongeza na kumwita mwalimu. Nikamuuliza kama Kithai chenyewe anakijua japo kidogo. Akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wetu wote waliozaliwa hapa, kwamba hana haja nacho, na isitoshe Kithai ni lugha nyepesi, haina sarufi.

Nikamwambia sawa. Nikamtilia chai. Alipoondoka nikakaa kuandika haya, kwa ajili yake na wenzake wote wanaodhani kufundisha lugha ni kusimama mbele ya watu na kusema kwa sauti kubwa. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Salma akitaka kujua bibi yake kamsema nini, na ajitahidi.

Miye nimefundisha Kiingereza Woolwich, katika chuo cha watu wazima kilichokuwa juu ya duka la mapazia, mpaka magoti yangu yakazikataa ngazi. Najua mtacheka. Mwanamke wa Kikwajuni, Unguja, kumfundisha Mthai Kiingereza, tena mjini kwa Waingereza wenyewe. Lakini hao wenyewe wangefundishaje? Mwingereza anakijua Kiingereza kama wewe unavyolijua ini lako. Limo, linafanya kazi, hujapata kuliona. Mtu anayejua ini ni yule ambaye limewahi kumuuma.

Na mimi Kiingereza kimeniuma. Tuliondoka Unguja baada ya mapinduzi, nikiwa msichana wa skuli. Tukapita Mombasa, tukaishia London katika baridi ambayo hakuna aliyekuwa ametuambia kweli yake. Njia nzima baba alikuwa akiwaambia watu kwamba huyu mwanangu Kiingereza anakijua. Na nilikijua. Niliweza kuwatajia wafalme wao na mito yao. Siku ya kwanza kutumwa dukani, mwenye duka akaniuliza, "You all right?" Nikaona Mungu kaniletea mtu wa kunihurumia. Nikamweleza habari ya baridi, nikamweleza kifua cha mama, nikamweleza na nyumba tuliyoiacha na mlango wake. Watu wakajipanga nyuma yangu, kimya, wote wanatazama viatu vyao. Yule bwana wala hakuwa akiniuliza hali. Alikuwa akiniuliza nataka kununua nini.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja wa Wales, Bwana Gwyn, mkuu wa chuo chetu, mtu wa sweta moja majira yote. Lugha aliyonyonya kwa mama yake haikuwa Kiingereza, na jambo hilo hakulisahau, wala sisi hakutuachia tulisahau. Siku yangu ya kwanza alikaa nyuma ya darasa akinitazama. Nilikuwa nimeamua kuwafundisha watu wasiojua hata kuomba maji matumizi yote ya "the". Somo lilipokwisha akaniambia kwamba lilikuwa somo la kijasiri sana. Nilifurahi, nikaenda kumpa mama habari njema. Ulipita muda mrefu kabla sijajua kwamba ukiambiwa katika nchi hii kuwa umefanya jambo la kijasiri, maana yake umefanya upumbavu, ila msemaji hataki ulie mbele yake.

Kanuni yake moja namwachia Salma bure. Usiwaulize wanafunzi kama wamefahamu. Watasema ndiyo. Binadamu wote husema ndiyo wakiulizwa hivyo, hata walio usingizini. Mwambie mtu afungue dirisha. Akifungua mlango, basi hajafahamu, lakini angalau mmepata hewa.

Wathai walianza kuja kwetu kidogo kidogo. Baadhi yao walikuwa wapishi, wengi wao walikuwa wanawake walioolewa na Waingereza. Walikuwa watu wa adabu mpaka wanakutia wasiwasi. Wakifika, wanavua viatu na kuvipanga nje ya mlango wa darasa, mpaka ofisi ikabandika tangazo kwamba viatu ni hatari wakati wa moto. Kati yao alikuwamo mwanamke mmoja mfupi, umri wa kati, aliyecheka huku amefunika mdomo. Jina lake la vyeti lilikuwa refu kama barabara. La kuitwa lilikuwa Nok, maana yake ndege. Hilo halikunishangaza, kwani hata sisi mtu huwa Fatma skulini na Fatu nyumbani.

Wiki yake ya kwanza nilimuuliza mumewe anafanya kazi gani. Akanijibu kwamba mumewe anaendesha popo. Nikadhani ndiyo mambo ya London, hakuna kisichowezekana. Baadaye nikafahamu kwamba mume, ambaye jina lake Derek, alikuwa dereva wa basi. Kithai hakiruhusu neno limalizike kwa "s". Sauti hiyo ikifika mwisho wa neno inazimwa, inakuwa kama "t" iliyomezwa. Basi "bus" ikawa "bat", na "bat" kwa Kiingereza ni popo. "L" nayo ikifika mwisho inageuka "n". Mtu anaomba "bill" hotelini, unasikia anataka "bin", yaani pipa la taka, na mhudumu anamletea.

Niliwachapa na hiyo "s" mwaka mzima. Kiingereza, mjue, ni lugha inayopenda mikia migumu. Neno linakwenda vizuri, halafu mwishoni wanakurundikia konsonanti tatu nne kama mtu aliyefunga mzigo kwa kamba zote alizonazo. Mthai anaukata mkia. Sisi Waswahili hatuukati, tunaufunga irabu ili usituchome: basi, bili, benki, skuli. Maradhi ni yale yale, kila mtu na dawa yake. Ila Waingereza wanatucheka sisi sote kwa pamoja, na wao wenyewe wakienda Bangkok hawawezi kuagiza wali bila kuagiza goti, maana kwa Kithai maneno hayo mawili yanatofautiana kwa sauti tu.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi yamenikuta. Nilijitia kujifunza Kithai, nionekane mwalimu mwenye moyo. Siku moja Nok aliingia darasani na gauni jipya la rangi ya zambarau, nywele kazifunga vizuri. Nikaona ndiyo nafasi. Nilikuwa nimejifunza neno la kumwambia mwanamke kuwa ni mzuri. Nikalitamka mbele ya wote, kwa tabasamu. Nok akaniinamia kwa heshima, akaenda kukaa. Wakati wa chai ndipo akanieleza kwa upole kwamba sauti ikipanda mwishoni, neno lile ni uzuri, na sauti ikilala bapa, neno lile lile ni nuksi. Nilikuwa nimemwambia yeye ni mkosi. Akanipa moyo kwamba gauni lilikuwa la bei ndogo hata hivyo.

Sauti tano, Salma. Silabi moja unaweza kuipandisha, kuishusha, kuiweka juu, kuilaza, kuivunja, na kila mara unapata neno jingine. Nilipomlalamikia Bwana Gwyn alinitazama kwa huruma. Akaniambia hata Waingereza wanazo sauti, ila wao hawazikubali, na akanitaka nihesabu neno "lovely", yaani zuri sana, lina maana ngapi. Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza. Mama mkwe akila keki yako na kusema "lovely" huku sauti inashuka, keki hiyo usiipike tena.

Na hiyo sarufi ambayo Kithai hakina, ngoja niwaambie. Kithai hutaja kitu kwanza, kisha sifa yake, kama tunavyosema sisi na kama Mungu alivyokusudia: gari jekundu. Kiingereza kinakupa jekundu kwanza. Unabaki nalo mkononi, hujui unachongojea ni gari au pua. Kisha Kithai kikihesabu, watu wana neno lao la kuhesabiwa, wanyama lao, vitabu lao, ukikosea wanakuona umekosa malezi. Ni binamu wa ngeli zetu. Ila hilo simlaumu Salma kutolitambua, maana ngeli zenyewe hazijui. Huniambia "kitabu yangu".

Kisha kuna kuitana. Mthai hamwiti mtu "wewe" mpaka ajue ni mkubwa wake au mdogo wake. Humwita dada, mjomba, shangazi, kama kwetu. Kiingereza kimempa kila mtu "you", mfalme na paka. Nok alipoletwa London, mama mkwe wake, ambaye alikuwa mjane, akamwambia siku ile ile aliyofika, "Niite Doris." Kwa Bi Doris huo ulikuwa ukarimu. Kwa Nok ilikuwa kama kuambiwa amvue mama mkwe nguo. Wiki nzima hakumwita chochote. Alikuwa akikohoa anapotaka kumsemesha. Mwishowe akaamua kumwita *Mae*, yaani Mama, na Bi Doris, aliyedhani ni jina la Kiingereza la May, alimsahihisha mwaka mzima kwamba yeye si May.

Walikaa nyumba moja, Plumstead, wawili hawa na Derek katikati. Mwanzoni hawakupendana. Bi Doris alikuwa mwanamke wa maneno makali na supu ya kopo. Alisema nyumba inanuka samaki, na ilikuwa inanuka, maana Nok alikuwa akitia mchuzi wa samaki katika kila kitu isipokuwa chai. Halafu Bi Doris akaanguka bafuni akavunjika nyonga, na baada ya hapo akapata kiharusi kidogo kilichompunguzia maneno. Nok akaacha kazi ya jikoni alikokuwa, akawa anamwosha, anamlisha, anamnyoosha miguu, anamwinua kumpeleka msalani. Akimwinua alikuwa akisema *pai*, yaani twende. Bi Doris akapona kidogo, akarudi kulalamika juu ya samaki, na Nok akaja darasani siku hiyo ana furaha kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alisema Mama amemgombeza.

Sasa sikilizeni yaliyotokea, maana hapa ndipo lugha ilipotaka kuua.

Ofisi moja inayoshughulikia wazee ilimtuma mtu nyumbani kuangalia kama Bi Doris anatunzwa vizuri. Derek yuko kazini. Akaja bwana mmoja mpole, mwenye sauti ya chini, wa kuuliza maswali kwa adabu ya Kiingereza. Na adabu ya Kiingereza, wanangu, ni kukanusha kila kitu kwanza. Hawakuulizi "Unataka chai?" Wanakuuliza kama hungependa chai. Basi yule bwana akamuuliza Nok kwa upole wote, "Hutaki aondoke?"

Nok akajibu, "Yes."

Kisha akamuuliza, "Hutajali tukimpeleka mahali akatunzwe?"

Nok akajibu, "No."

Yule bwana akamshukuru, akanywa chai yake, akaenda zake. Hakushangaa hata kidogo. Mke wa mtu kutaka mama mkwe aondolewe nyumbani, hilo ni jambo alilolisikia kila siku ya kazi yake. Muda si mrefu wakaja wakamchukua Bi Doris. Nafasi iliyopatikana ilikuwa Hayes, upande wa pili kabisa wa London, kule ndege zinakopita juu ya mapaa.

Nok akatoweka darasani. Aliporudi alikuwa amekonda na hacheki tena, hata kwa mkono mdomoni. Nilimuuliza habari za Mama, akanijibu kwa sauti ndogo kwamba Derek amemtoa nyumbani. Kwamba bila shaka Derek ndiye aliyewaita wale watu, na yeye hawezi kumuuliza mume kwa nini kamtoa mama yake mzazi, maana hilo ni jambo zito na yeye ni mke tu. Wathai wana neno la hali hiyo ya kuona vibaya kumtia mwenzio uzito. Sisi tunaita kuona haya. Wao wameifanya dini.

Mchana huo huo Derek akaja kumchukua mkewe, bado na koti lake la kazi. Alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono mizito, akizungumza na ukuta zaidi ya kuzungumza na wewe. Nikamwambia nasikitika kwa habari za mama. Akaniambia, ukuta ukisikia, kwamba ndivyo maisha, Nok alikuwa amechoka, hawezi kumlaumu, kafanya zaidi ya alivyofanya mtoto yeyote. Akasema hajamtajia lolote, asije akaona analaumiwa.

Nikasimama pale na mkoba wangu. Mke anasema mume ndiye. Mume anasema mke ndiye. Na kila mmoja amefunga mdomo kwa ajili ya kumstahi mwenziwe. Ukitaka kuvunja nyumba bila kelele, chukua adabu ya Kithai uiozeshe adabu ya Kiingereza, kisha kaa pembeni.

Mwingereza angesema si shauri lake. Mimi nimetoka nyumba za kupakana ukuta, ambako jirani akipiga chafya unamwombea dua kutoka jikoni kwako. Nikamwambia Derek angoje. Nikarudi darasani, nikamketisha Nok, nikamtaka anieleze neno kwa neno yule bwana aliuliza nini na yeye alijibu nini. Akanieleza. Alikuwa hata haoni tatizo liko wapi.

Mimi nililiona mara moja, na si kwa akili, ni kwa kuzaliwa Kikwajuni. Kwetu mtu akikuuliza "Hutaki?" nawe hutaki, unasema, "Ndiyo, sitaki." Unaikubali kauli yake. Mthai hufanya vile vile. Mwingereza haitazami kauli yako, anatazama jambo lenyewe. Kama hutaki, ni "no", hata uulizwe vipi. Nilipofika nchi hii nilipata kazi ya kiwandani, kufunga biskuti, na msimamizi akaniuliza kama sitajali kufanya kazi Jumamosi. Nikajibu "No!" kwa ukali, maana nilijali sana. Nikafanya kazi Jumamosi mpaka nikaolewa.

Nikamweleza Nok taratibu. Kwamba kwa Kiingereza, aliposema "yes", alisema ndiyo, nataka aondoke. Na aliposema "no", alisema hapana, sijali. Akaniangalia kama mtu anayeteremka ngazi gizani akakosa ya mwisho. Hakulia. Akauliza tu kama Derek naye alisikia hivyo.

Bwana Gwyn alikuwa chumba cha pili mlango wazi, akisikiliza kama kawaida yake. Akaja na kikombe chake. Akasema lugha ya kwao haina hata hiyo "yes" moja ya kujibia kila kitu. Mtu akiulizwa kama anakwenda, anajibu, ninakwenda. Nok akainua kichwa. Akasema hata Kithai ni hivyo hivyo, ukiulizwa "kwenda?" unajibu "kwenda". Basi, akasema mzee, achana na yes na no, hayo ni maneno ya Waingereza na waachie wenyewe. Jibu kwa kitenzi.

Tukatoka naye mpaka kwenye ngazi. Derek alikuwa ameegemea pale pale nilipomwacha. Nok akasimama ngazi moja juu yake, wakawa sawa kwa urefu. Akasema kwa Kiingereza chake, ambacho mimi mwalimu wake nakifasiri kama kilivyokuwa, "Mimi kutaka Mama kuja nyumbani."

Derek akavua kofia yake. "Nilidhani umechoka naye," akasema.

"Mimi kuchoka," Nok akasema. "Mimi kutaka Mama."

Derek akakaa kwenye ngazi. Mtu mkubwa kama yule, akakaa chini na kofia yake magotini, akasema nyumba imekuwa kimya mno. Mimi na Bwana Gwyn tukakumbuka tuna kazi ndani.

Msidhani mambo yalikwisha hapo. Kumtoa mzee nyumbani kunahitaji "yes" moja. Kumrudisha kunahitaji vikao. Derek akabishana kwa simu na watu wapole kuliko mauti. Mwishowe wakakubali kukaa kikao kule Hayes, na Nok akaniomba niwe naye. Nikamwambia mimi Kithai sikijui, nitamtukana mtu. Akasema hahitaji Kithai, anahitaji mtu wa kumwangalia asiseme "yes".

Tulikwenda kwa treni na mabasi, Derek kafunga tai. Chumba cha kikao kilikuwa na joto kali na maua ya plastiki. Yule bwana mpole alikuwepo, na bibi mmoja mkubwa wake. Bi Doris akaletwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amevalishwa sweta ya mtu mwingine. Nywele zake, ambazo Nok alikuwa akizichana kila asubuhi, zilikuwa zimelala upande mmoja. Nok akatazama zile nywele, nikaona vidole vyake vinafanya kazi ndani ya mfuko wa koti.

Yule bibi mkubwa akaanza. Akasema hakuna anayetaka kumlazimisha mtu yeyote. Kisha akamgeukia Nok akamuuliza, na nakuapieni haya ndiyo maneno, kama hangeona kwamba hataweza kumudu. Hata mimi nilibaki nahesabu vidole. Yalikuwa makanusho mawili au matatu, moja ndani ya jingine, kama vyungu vya biharusi. Nilimwona Nok anafungua mdomo, nikajua neno lililo karibu kutoka. Sikumkanyaga mguu, ingawa nilikuwa nimeuweka tayari.

Akaufunga mdomo. Akavuta pumzi. "Mimi kumudu," akasema. "Mimi kuosha. Mimi kupika. Mimi kuinua. Mama kuja nyumbani."

Hakuna kitenzi hata kimoja kilichosimama sawa. Hakuna "s" hata moja ya zile nilizomchapa nazo mwaka mzima. Na hakuna mtu katika chumba kile aliyeshindwa kumfahamu.

Yule bwana mpole akasema, vizuri sana, lakini lazima waheshimu matakwa ya Doris mwenyewe. Kila mtu akakubali kwamba matakwa ya Doris ni jambo la maana kupita yote. Likazungumzwa kwa kirefu. Alikuwa amekaa pale katikati yetu, na hakuna aliyemuuliza. Mwishowe yule bibi akamwinamia, akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, akamuuliza kama yeye hangependelea kutobaki. Bi Doris akamtazama kwa dharau yote iliyosazwa na kiharusi.

Ndipo Nok akaenda akachutama mbele ya kiti. Hakupaza sauti. Akamshika mkono akamuuliza kwa Kithai kile cha kila asubuhi, kama wanaamka kwenda msalani: "*Pai?*"

"*Pai*," akasema Bi Doris.

Wakubwa wakatazamana. Bibi mkubwa akauliza amesema nini. Derek, ambaye siku zote huzungumza na ukuta, safari hii akamtazama bibi machoni akamwambia kwamba mama yake amesema anakwenda. Na Bi Doris, asije akaeleweka vibaya na Waingereza wenzake, akaongeza kwa lugha yao, neno moja moja, "Na mtu aniletee koti langu."

Alirudi Plumstead. Si siku ile, usiniulize vikao vilivyobaki, lakini alirudi. Akaishi, akalalamika juu ya samaki, akawa anamla. Nok alirudi darasani pia, na kutoka hapo nilibadilisha masomo yangu. Kila mwanafunzi aliyepita mkononi mwangu, Mthai, Msomali, Mkongo, alifundishwa kujibu kwa kitenzi kabla ya kufundishwa "yes". Wakaguzi wakaja, wakaona ni njia ya kijasiri sana.

Bi Doris akafa kitandani kwake majira ya maua, dirisha wazi. Derek akamwomba Nok aseme maneno machache kwenye mazishi, kwa sababu yeye hawezi. Nok akaja kwangu nimsikilize kabla. Tukakaa jikoni, nikamtilia chai, akasimama mikono mbele kama mtoto wa skuli akaanza: "Mama kukaa na mimi. Mama kula na mimi."

Hapo mwalimu akaamka ndani yangu. Nikamwambia, Nok, amekwisha fariki. Ni "lived". Ni "ate". Maana Kithai, hili sijawaambia, hakikigeuzi kitenzi kwa sababu ya wakati. Ukitaka kusema jana unataja jana, kitenzi chenyewe unakiacha na amani yake. Kiingereza kinadai ushahidi wa kifo kwenye kila neno.

Akajaribu. "Mama alikaa na mimi." Akajaribu tena, akakwama pale kwenye "alikaa". Kisha akaniambia, "Mwalimu, nikisema hivyo, ni kama namtoa nyumbani tena."

Nikamwambia basi, acha kama ulivyosema kwanza.

Siku ya mazishi alisimama mbele ya watu, mfupi, na lile gauni la zambarau, akasema mama yake anakaa naye na anakula naye. Derek alikuwa akitazama mbele, machozi yanamshuka bila kuyafuta. Baadaye tulikwenda nyumbani kwao, kulikuwa na wali na samaki, na nyumba ilinuka kama inavyopaswa kunuka. Binamu mmoja wa Derek, mtu wa tai nyeusi na sahani mkononi, akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, ya kiungwana, kwamba Nok ni mwanamke mwema kabisa, ila Kiingereza chake, baada ya miaka yote hii, masikini. Akauliza hivi ni nani aliyekuwa akimfundisha.

Nikamwambia ni mimi, na nikamwomba anipishe, nilikuwa nafuata wali.